Kiuno 35, tumbo 39

Mama yangu ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga, tangu 1990. Vipimo vya wateja wake huviandika kwenye madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na hajatupa hata moja. Yapo kumi na moja kwenye sanduku la bati chini ya meza ya kukatia. Mengine mende wameyala pembeni, moja limemwagikiwa chai, lakini mteja akimtuma mtoto na kitambaa pamoja na ujumbe wa "anishonee kama ile ya Idi ya mwaka juzi", mama anajua pa kufungua.

Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia, umeme ulikatika mchana kutwa na mvua ikanifungia ndani. Nikalivuta sanduku, nikaanza kusoma ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayesoma gazeti la zamani lililofungiwa maandazi. Ndani nikamkuta mjomba.

Mjomba, mdogo wake mama, ndiye mteja wake mwaminifu kuliko wote, na kwa maneno ya mama mwenyewe ndiye mbaya kuliko wote kwa malipo. Mwaka 1991 ameandikwa hivi: kiuno 31, tumbo 32, hipsi 37. Mwaka 1997: kiuno 33, tumbo 35, hipsi 37. Mwaka 2003: kiuno 34, tumbo 37, hipsi 37. Na 2008, kwa wino wa kijani: kiuno 35, tumbo 39, hipsi 38.

Mei 2009, akiwa na miaka 54, alishikwa na maumivu ya kifua alipokuwa akitoka msikitini alfajiri. Nyumbani wakadhani ni vidonda vya tumbo, wakampa maziwa. Kufika adhuhuri alikuwa kitandani hospitali, na waliompima umeme wa moyo wakasema ni mshtuko wa moyo. Alipona, alhamdulillahi. Yupo, amefikisha miaka sabini, na malipo yake bado yanasuasua.

Kwa asiyejua kazi ya ufundi, nieleze kwanza kwa nini mama anaandika kiuno na tumbo mbalimbali. Kiuno cha fundi ni pale suruali inapokaa. Mwanamume kitambi kikianza kumtoka, suruali haipandi nacho, inateremka chini yake. Mkanda unashuka kidogo kila mwaka, na mwenye nao anaendelea kuapa kwamba amevaa namba 34 tangu siku ya harusi yake. Hasemi uongo. Suruali ni 34 kweli, ila imehama. Ndiyo maana mama akishona kanzu au shati hakubali kuambiwa namba ya suruali. Anazungusha futi palipojaa zaidi. (Futi tunaiita, ingawa ina futi tano nzima.) Ukizitazama zile namba za mjomba utaona kiuno kilitambaa inchi nne kwa miaka kumi na saba, tumbo likakimbia inchi saba, na hipsi hazikusogea kitu cha kutajwa. Miguu na mikono yake ilibaki ileile ya kijana mwembamba. Ukimwona kwa nyuma barabarani ungemdhania mpiga mbio.

Wiki chache kabla ya ile alfajiri, kazini kwake walipita watu wa kupima afya. Waliokuja sitawataja, na sidhani kama walikuwa wabaya kuliko wengine. Wakamsimamisha kwenye mizani, wakamsimamisha ukutani penye namba, wakapiga hesabu. Urefu sentimeta 168, uzito kilo 70. Ukichukua kilo ukagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo, unapata 24.8. Hiyo ndiyo BMI, na mstari wa unene unaanza 25. Wakamwandikia kikaratasi: uzito wa kawaida. Kipimo cha presha kilikuwepo mezani lakini foleni ilikuwa ndefu, na yeye ni mzima, ana karatasi mkononi. Akaondoka.

Nilikaa na hasira na ile 24.8 kwa muda mrefu. Baadaye nikaanza kusoma ilikotoka, na hasira ikahamia kwingine.

Hesabu ile ni ya Mbelgiji aliyeitwa Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota na takwimu. Miaka ya 1830 alikuwa akimtafuta kwa namba "mtu wa wastani", na akagundua kwamba kwa watu wazima uzito hupanda kadiri ya urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakuwa daktari na hakuwa akitafuta wagonjwa wa moyo. Jina la BMI lilikuja 1972, pale Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipokusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano na kuona kwamba, kati ya hesabu nyepesi za uzito na urefu, ile ya Quetelet haikuzidiwa na nyingine katika kukadiria mafuta mwilini. Wanaume watupu, angalia. Ilikuwa hesabu ya kuwasaidia watafiti walinganishe makundi ya watu, kwa sababu mizani ipo kila mahali na kupima mafuta yenyewe ni kazi. Kwa kazi hiyo inafaa hadi leo. Ukitaka kujua kama mji mzima umenenepa, BMI itakwambia. Ukitaka kujua mafuta ya mtu huyu mmoja yamekaa wapi, unaiuliza isichokijua: kilo ya paja na kilo ya kitambi kwenye mizani ni kilo moja tu.

Mwaka 2004 madaktari wawili, Yajnik wa India na Yudkin wa Uingereza, walichapisha picha yao wamesimama pamoja kwenye jarida la tiba la Lancet. BMI yao ilikuwa sawasawa, 22.3. Mafuta ya mwili ya Yudkin yalikuwa asilimia 9.1, ya Yajnik asilimia 21.2. Naipenda picha ile kuliko makala nyingi nilizozisoma kuhusu jambo hili, kwa sababu kwenye familia yangu ningeweza kuipiga sebuleni.

Kwamba mahali pa mafuta ni habari, Mfaransa mmoja aliliona mapema. Jean Vague, daktari wa Marseille, aliandika mwaka 1947 kwamba kuna unene wa juu, wa tumboni, alioufananisha na maumbile ya kiume, na unene wa chini, wa nyonga na mapaja, alioufananisha na ya kike, na kwamba magonjwa ya sukari na ya mishipa huufuata zaidi ule wa juu. Hakusikilizwa sana kwa miaka mingi. Waliokuja kumpa nguvu ni watu wa Gothenburg, Sweden. Wao waliwapima wanaume 792, wote wa umri wa miaka 54, umri uleule wa mjomba, wakawafuatilia kwa miaka 13 na kutoa majibu 1984. BMI haikuonyesha uhusiano wa maana na mshtuko wa moyo, kiharusi wala kifo. Unene wa mikunjo ya ngozi haukuonyesha. Hata mzunguko wa kiuno peke yake haukuonyesha. Kilichoonyesha ni kiuno kikigawanywa kwa hipsi.

Kiuno kwa hipsi! Namba mbili ambazo mama anaziandika jirani kila siku ya Mungu.

Kisha ukaja utafiti wa INTERHEART, ulioongozwa na daktari wa moyo Salim Yusuf, uliolinganisha watu waliopata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza na wenzao ambao hawakupata: watu kama 27,000 kutoka nchi 52, Kenya ikiwemo. Majibu ya unene yalitoka 2005. BMI ilikuwa na uhusiano hafifu na mshtuko, na ukishahesabu mambo mengine ya hatari, uhusiano ule ulipotea. Kiuno kwa hipsi kilibaki kimesimama, kwa wanaume na wanawake, kwa vijana na wazee, na kwa wale ambao BMI yao ilikuwa ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linaweka mstari kwenye 0.90 kwa mwanamume na 0.85 kwa mwanamke. Nilichukua kalamu pale pale mezani kwa mama. Kiuno cha watafiti ndicho kilicho karibu na tumbo la mama, kwa hiyo mjomba wa 1991: 32 kwa 37, inakuja 0.86. Mjomba wa 2008: 39 kwa 38. Tumbo limeipita hipsi.

Kwa nini tumbo? Mafuta ya mwili yana makazi mawili makubwa. Kuna ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyabana kwa vidole, na kuna ya ndani, yanayozunguka utumbo na viungo vingine nyuma ya misuli ya tumbo. Haya ya ndani hayatulii. Huachia asidi za mafuta kwa urahisi, na kwa kuwa damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, ini ndilo linalopokea mzigo wa kwanza. Ini likielemewa linatoa mafuta zaidi kwenye damu, linaacha kuitii insulini, homoni ya kushusha sukari, sukari inapanda, na lenyewe linaanza kujaa mafuta. Juu ya hayo, mafuta ya ndani hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa chini kwa chini kwenye mishipa, na presha hupanda nayo. Mafuta ya mapaja na hipsi yana tabia ya ghala: yakishaingia yanakaa, na kwa kukaa kule yanauepusha moyo na ini na mzigo. Ndiyo maana kwenye ile hesabu hipsi ndiyo inayogawanya. Ikiwa kubwa, inapunguza.

Kitambi kigumu kama ngoma, kisichobanika kwa vidole, wanaume wetu wanakisifu kuwa "hiki si mafuta, hiki ni nguvu". Mara nyingi ugumu ule ni mafuta ya ndani yanayosukuma ukuta wa tumbo kwa nje.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Mimi nimekulia wakati ambapo kitambi kilikuwa cheti. Mtu akirudi Tanga kutoka Dar akiwa na tumbo, salamu ilikuwa "mambo yamekunyookea". Na kupungua kulikuwa na jina lake. Miaka ya tisini mtu akipungua kilo tano watu hawakuuliza anafanya mazoezi gani, walinong'ona. Mjomba alifiwa na rafiki zake wawili kwa ugonjwa ule, na nadhani, ingawa hajawahi kusema, kuna sehemu yake ilifurahi kila mama alipotangaza inchi mpya. Tumbo lilikuwa ushahidi kwamba yeye yuko salama. Halafu akaacha baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na yeye alikuwa na Phoenix aliyoipanda kwenda na kurudi bandarini tangu ujana. Alipopata cheo cha mezani akanunua pikipiki. Daftari halisemi hilo, lakini ukipanga tarehe, inchi zinaanza kukimbia hapo. Pombe haonji. Chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, na chapati, hizo ndizo.

Nikiwa na hamasa hii yote, nikaanza kupima kila kitu. Jim moja karibu na kwangu Tabata ina mizani yenye vibati vya chuma pa kukanyagia, inayokwambia asilimia ya mafuta. Asubuhi ikaniambia 22, jioni baada ya mazoezi na jasho ikaniambia 25. Inavyofanya kazi, inapitisha umeme mdogo usiosikika. Maji hupitisha umeme vizuri, mafuta hupitisha vibaya, kwa hiyo ukikaukiwa maji inakuona mnene. Tena ile ya kukanyaga tu, umeme wake unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Tumbo, ambalo ndilo swali lenyewe, inalikisia zaidi kuliko kulipima. Kuna pia kile kikoleo cha kubana ngozi, ambacho Durnin na Womersley walikitengenezea hesabu zake 1974 kwa kupima mikunjo ya mkono, ya chini ya bega na ya juu ya nyonga. Kizuri mkononi mwa aliyezoea, lakini kinabana mafuta ya chini ya ngozi. Ya ndani hayabaniki. Kinachoyaona ya ndani waziwazi ni mashine kubwa za picha za hospitali, na hakuna mwenye akili atakayemlaza kila karani wa bandari kwenye mashine hizo ili kujua kitambi chake kikoje.

Kwa hiyo tunarudi kwenye futi. Lakini futi nayo ina ujanja wake. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kutafuta mwisho wa mbavu kwa vidole, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na kupima katikati ya hapo, juu ya ngozi, futi ikiwa imelala sawa pande zote, mtu akiwa amesimama na kutoa pumzi ya kawaida. Wamarekani wengine hupima juu kabisa ya mfupa wa nyonga. Ukihama sehemu, namba inahama, kwa hiyo chagua moja ukae nayo. Kipimo cha mama hakiko mahali hapohapo hasa, yeye hufuata palipojaa, na hizi hesabu zangu za mjomba zina kosa hilo. Sidhani kama lingemwokoa.

Shida kubwa zaidi ni pumzi. Wanaume wote, bila kubagua dini wala kabila, futi ikiwagusa wanavuta tumbo ndani. Mama ana dawa yake. Anazungusha futi, anailegeza, halafu anamuuliza mteja habari za watoto. Mtu hawezi kujibu habari za watoto huku amevuta tumbo. Neno la pili likitoka, tumbo linarudi kwake, na mama anasoma. Nimesoma miongozo kadhaa ya upimaji na sijaona njia nzuri kuliko hii.

Ukishapata namba, uilinganishe na nini? Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Mstari unaotajwa sana ni sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kwa hatari iliyoongezeka, 102 na 88 kwa hatari kubwa. Namba hizi zilitokana na watu wa Glasgow, Scotland, waliopimwa miaka ya tisini, na zilichaguliwa kwa kutafuta kiuno kinacholingana na BMI ya 25 na ya 30. Yaani kile kipimo cha kuisahihisha BMI kilikatwa kwa kuifuata BMI. Waafrika tukaambiwa tutumie mistari ya Wazungu mpaka data zetu zipatikane. Mwaka 2018 ukatoka uchambuzi wa watu 24,181 kutoka tafiti 17 katika nchi nane za Afrika kusini mwa Sahara. Mstari uliotenganisha vizuri zaidi wenye dalili za hatari na wasio nazo ulikuwa sentimeta 81.2 kwa wanaume na 81.0 kwa wanawake. Kwa wanawake, tofauti na 80 ya Wazungu ni kama hakuna. Kwa wanaume ni pengo la sentimeta kumi na tatu, inchi tano za fundi. Ni kweli kwamba uchambuzi ule ulitazama dalili kama presha, sukari na mafuta ya damu, haukuhesabu mishtuko ya moyo yenyewe, kwa hiyo nisiupandishe cheo. Lakini 81.2 ni inchi 32. Ni mjomba wa 1991, yule ambaye sote tulimwona mwembamba.

Mwenye kuchoka na mistari mingi aichukue ile ya Uingereza. Taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilitoa 2022 ushauri kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Hauulizi jinsia wala asili yako. Kuanzia nusu hadi chini kidogo ya 0.6 hatari imeongezeka, 0.6 kwenda juu ni kubwa. Mjomba wa 2008 alikuwa na sentimeta 99 juu ya urefu wa 168. Inakuja 0.59. Na hata kamba ya katani inatosha kwa kipimo hiki: ikate kwa urefu wako, ikunje katikati iwe nusu, izungushe kiunoni. Kama ncha hazikutani, umeshajua.

Januari 2025 jopo la wataalamu zaidi ya hamsini lililoitishwa na jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilisema hadharani kwamba BMI peke yake isitumike kumwambia mtu ana ugonjwa wa unene, ithibitishwe kwa kiuno au kwa kupima mafuta yenyewe. Nikampigia mjomba kumwambia. Akasema, "Mjomba, wamechelewa miaka kumi na sita."

Hapa ningependa makala iishe, futi ikiwa imeshinda. Tatizo ni mama.

Mama ana urefu wa sentimeta 160 na uzito wa kilo 75. BMI yake ni 29.3, hatua moja kabla ya 30, mstari wa unene wa kupindukia. Kiuno inchi 34, hipsi 44, uwiano 0.77, chini kabisa ya 0.85. Kwa hesabu ya Gothenburg na ya INTERHEART, huyu ndiye ambaye mafuta yake yamekaa ghalani. Na mama ana presha tangu 2014, ya kumeza vidonge kila asubuhi, iliyogunduliwa kwa bahati pale alipomsindikiza jirani kliniki. Kiuno kwa hipsi hakikuiona. Hesabu ya nusu ya urefu ingemtia shaka, inakuja 0.54, lakini presha yenyewe futi haiioni hata ungeizungusha mara mia. Nilipomwonyesha hesabu yake nzuri ya kiuno kwa hipsi, alinitazama kama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. "Kwa hiyo vidonge niviache?"

Ndipo nikarudi kuusoma ule utafiti wa Gothenburg hadi mwisho, mahali ambapo wanaoushangilia huwa hawafiki. Wenyewe waliandika, 1984 hiyohiyo, kwamba ukishajua mtu anavuta sigara au la, presha yake na kolesteroli yake, kiuno kwa hipsi hakikuendelea kuongeza utabiri wake chenyewe. Mwaka 2011 kikundi kikubwa cha watafiti kikaunganisha kumbukumbu za watu zaidi ya 220,000 kutoka nchi 17, na kukuta hilohilo: ukishajua presha ya mtu, historia yake ya kisukari na mafuta yake ya damu, kuongeza BMI, au kiuno, au kiuno kwa hipsi, hakuboreshi sana utabiri wa nani atapata ugonjwa wa moyo.

Mwanzoni niliona kama nimenyang'anywa kitu. Lakini ukifikiri, ndivyo inavyopaswa kuwa. Kitambi kinaufikia moyo kwa kupitia presha, sukari na mafuta ya damu. Ukiwa umeshawakamata hao watatu njiani, habari ya nani aliyewatuma inapungua thamani kwa utabiri. Haipungui kwa matibabu, maana aliyewatuma atatuma wengine. Na kwa mtu ambaye hajapimwa lolote, aliyesimama foleni ndefu na kikaratasi cha 24.8, futi ingekuwa sababu ya kumshika mkono na kumwambia usiondoke, kaa hapa tukufunge mkanda wa presha. Mjomba alipolazwa presha yake ilikuwa 170 kwa 105 na sukari imepanda, na hakuna anayejua kwa miaka mingapi.

Niitendee haki BMI pia. Jedwali la Shirika la Afya Duniani la 2019 la kukadiria hatari ya moyo kwa miaka kumi, lile la mahali pasipo na maabara, linatumia umri, jinsia, sigara, presha na BMI. Kwenye zahanati isiyo na kipimo cha kolesteroli, ile hesabu ya Quetelet inashikilia nafasi ya damu ambayo haikuweza kupimwa. Kazi hiyo inaimudu, ikiwa na mkanda wa presha pembeni. Kosa la siku ile kazini kwa mjomba lilikuwa kuiacha iseme peke yake.

Siku ya pili umeme uliporudi, mama alinipima kanzu. Nilivuta tumbo. Akaniuliza habari za watoto. Kiuno 34, tumbo 38, hipsi 39. Nina urefu wa 171 na kilo 73, BMI 24.96, "uzito wa kawaida" kwa kikaratasi. Kiuno kwa urefu ni 0.56. Niliporudi Dar nilikwenda duka la dawa, nikaketi dakika tano bila kusema na mtu kama wanavyoelekeza, na mkanda ukasema 138 kwa 88. Nikarudia siku tatu, haikuwa mbali na hapo. Daktari aliniambia bado hanipi dawa, akanipa miezi sita na orodha fupi: chumvi, sukari, kutembea. Nilimuuliza kuhusu mazoezi ya tumbo, akasema yananenepesha misuli iliyo mbele ya mafuta na mafuta hayapati habari. Yanayoyasikia ni mwili mzima ukipungua, na huwa ya ndani ni miongoni mwa ya kwanza kuondoka. Mikanda ya kubana kitambi na zile chai zinazouzwa kwenye simu sikumuuliza, niliona aibu kwa sababu pakiti moja nilikuwa nayo kwenye begi.

Nikaanza kushukia Tabata Relini na kumalizia kwa miguu. Jirani mmoja aliuliza kama gari limeharibika, na wiki ya tatu mwingine akamuuliza mke wangu, kwa sauti ya chini, kama ninaumwa.

Idi hii nilikwenda tena Tanga. Mama akatoa daftari jipya, la kumi na mbili, akazungusha futi. Sikuvuta tumbo, lakini watoto aliniuliza vilevile. Thelathini na sita na nusu. Akapindua kurasa za daftari la zamani kulinganisha, akaguna tu.

"Nikuachie akiba ya inchi ngapi kwenye mshono?"

"Usiniachie hata moja, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akaandika, akafunga. Alipoingia ndani kuweka chai nikafungua kuchungulia. Ameandika: tumbo 36½, akiba 2.